Papa Soliste na Gitaa la Nyuma

Kama woga ungekuwa mahindi, Papa Soliste angelisha Malawi nzima na ghala la kubaki angewauzia Wazambia. Sijapata kuona mtu mwenye woga wa aina nyingi kama yule. Aliogopa majogoo. Aliogopa kukaa akiupa mlango mgongo. Aliogopa mvua, si kwa ajili ya nyumba yake ya udongo, ambayo ilivuja kama tenga, bali kwa ajili ya gitaa. Zaidi ya yote aliogopa ule ukimya mdogo unaokuja baada ya noti ya mwisho, kabla watu hawajapiga makofi. Kanisani hakuusubiri hata kidogo. Wimbo ukiisha yeye mwenyewe anasema "Amina!" kwa sauti, halafu anakohoa, halafu anaanza kukaza nyuzi ambazo hazijalegea.

Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi. Mchana niliuza sabuni na nyanya, jioni nilisoma. Cheti changu cha shule ya jioni ninacho hadi leo, na Kiingereza nilichokipata pale kilikuwa cha kutoa moshi. Watu walitoka kila pembe ya kambi niwasomee maandishi ya kwenye chupa za dawa, na hakuna aliyekufa. Mambo ya Papa Soliste niliyajua kwa sababu ya ule ukuta. Ulikuwa mwembamba hivi kwamba akigeuka kitandani, mimi upande wa pili nilikuwa nasema pole.

Jina la Soliste alitoka nalo Bukavu. Kwenye bendi za kule, solo ni gitaa linalotangulia na kusema, watu wakasimama wakisikiliza. La pili, ambalo wao huliita akompa, linakaa chini likishikilia wimbo usitoroke. "Solo ni mutu anaongea," alikuwa anatuambia. "Akompa ni mutu anasikiliza kwa sauti." Alisema hivyo kila alipomtambulisha mwenzake, Mrundi mmoja mfupi, mdogo wake kwa umri, aliyeshona nguo sokoni. Kambi nzima ilimwita Fundi. Mchana Fundi alikanyaga cherehani, na jua likipoa alikuja kwa Papa Soliste na gitaa lake, wakapiga wawili tu, bila mwimbaji na bila ngoma. Fundi alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio.

Usifikiri basi kwamba mzee wetu alikuwa mwoga wa moja kwa moja. Siku vibanda vya soko vilipowaka moto, vijana wenye vifua kama milango walisimama wakipiga kelele, na yeye, mtu wa kukimbia kuku, aliingia ndani ya moshi akatoka na cherehani ya Fundi kifuani kama amebeba mtoto. Nyusi ziliungua zote. Kesho yake nilimuuliza:

"Papa, hukuogopa?"

"Moto haina maneno," alisema. "Moto haiwezi kukusema vibaya. Mi naogopa kitu yenye kuwa na mudomo."

Hapo nikamwelewa. Woga wake wote ulikuwa na shina moja: watu watasema nini.

Na alikuwa na adabu, adabu ya kuchosha. Nyumbani kwake kulikuwa na kiti kimoja cha mgongo, na kwa miaka yote sikumwona akikikalia. Kilikuwa cha mgeni. Akija mchungaji, ni chake; akija mtu wa kuuza mbuzi, ni chake; yeye anageuza dumu la maji analikalia. Ukikataa anaumia. Ilibidi ukae tu, ukimwangalia mwenye nyumba kwa chini kama mfalme asiyestahili. Kwao, alisema, mkubwa ndiye anayetoa kiti, na anayekataa kiti amekataa nyumba.

Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, kabla kila simu haijawa na muziki tumboni. Waumini fulani wa Lilongwe waliwasikia yeye na Fundi wakipiga kwenye arusi, wakawatafutia studio warekodi CD. Papa Soliste hakula siku hizo, alikonda hadi kivuli chake kikamwacha. Tukapata kibali cha kutoka kambini, tukapanda minibasi, mimi nikiwa mkalimani.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha kijana mmoja Mmalawi. Kuta zilibandikwa trei za mayai, mlango ukafunikwa blanketi, na joto la mle lingeivisha maharage. Mikrofoni ilikuwa moja; ya pili ilikuwa imeharibika. Mbele ya ile moja palikuwa na kiti kizuri cha mgongo. Kule nyuma, ukutani, stuli. Fundi, kama ilivyompasa mdogo, aliiendea stuli.

"Apana, apana," Papa Soliste akamshika mkono. "We ukae kwa kiti."

"Papa, we njo mukubwa."

"Njo maana nakuambia. Mugongo yako inauma na mashini kila siku. Kaa."

"Lakini Papa, solo..."

"Solo itasikika. Umesha kuona wapi solo inakosa kusikika?"

Kijana wa studio aliangalia saa, maana umeme ungekatika jioni, akaniuliza kama wazee wanagombana. Nikamwambia hapana, wanaheshimiana. Akasema, basi waheshimiane haraka.

Kwa hiyo Fundi alikaa mbele ya mikrofoni na Papa Soliste akaenda kukaa ukutani, na CD yote, waliyoiita Njia ya Dowa, ikarekodiwa namna hiyo, mchana mmoja, bila kurudia wimbo hata mmoja. Mle ndani ilikuwa tamu. Mimi nilikuwa karibu na mlango nikishikilia blanketi, na nilisikia magitaa mawili yakiongea sawa kwa sawa. Sikio la mtu lina akili ya kugawa. Mikrofoni haina, inamsikia aliye karibu.

Tuliisikiliza kambini kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha kuchajia simu, chenye spika kubwa kuliko kibanda chenyewe. Dzaleka nzima ilikuja, na nikisema nzima nina maana hata waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha ndoo zisimame zenyewe. Wimbo wa kwanza ukaanza. Akompa ya Fundi ikajaa soko lote, pana, nzito, kama mtu anayepita na mkokoteni. Solo ilikuwa mbali huko, inachungulia.

Watu walitazamana.

"Papa Soliste," akaita mmoja, "we uko wapi humu ndani?"

"Iko jikoni!" akajibu mama wa mandazi.

"Apana, ilibaki kwa minibasi. Iko Mponela inatafuta lifti!"

Kicheko kikapasuka. Fundi alisimama kando na sura ya mtu aliyevaa shati la kuazima kanisani, halafu mwenye shati akaja kuketi karibu naye. Nilimwona Papa Soliste akimwangalia. Na yule mzee, ambaye akiambiwa "umeshiba?" na hajashiba hawezi kusema ndiyo, akafungua mdomo mbele ya kambi nzima akasema uongo.

"Tulipanga hivyo," alisema. "Ni mutindo."

"Mutindo ya kujificha?"

"Ya kisasa," alisema, na jasho likimtoka hadi viwikoni.

Kanisani nako hawakumwacha. Mzee wa kanisa mmoja alimsimamisha mlangoni baada ya ibada. "Nyimbo bila maneno, zinamusifu nani?"

"Mungu anazijua, mzee."

"Basi Mungu azinunue."

Wiki kadhaa alitembea kando ya njia kama mtu aliyeibiwa suruali. Kisha likaja gazeti. Kijana wa studio alilituma na dereva, likafika kwangu limekunjwa kama chapati. Mwandishi mmoja wa Lilongwe, mtu wa kuandika habari za muziki, alikuwa ameisikiliza CD yetu na ameisifu, lo, ameisifu! Nilimwita Papa Soliste na Fundi, nikawakalisha, nikawatafsiria polepole. Aliandika kwamba wanaume wawili wa kambini wamefanya jazz ya kijasiri. Kwamba wamepindua desturi: gitaa ambalo siku zote hukaa nyuma limeletwa mbele lionekane lilivyo zuri, na lile la kuringa limewekwa mbali, kama jirani anayeongea nyuma ya ukuta. Kwamba yule wa mbele ana subira ambayo wapiga gitaa wengi hawana. Kwamba mpango huo umefikiriwa sana.

Fundi aliniomba nisome tena. Nikasoma. Akaomba sehemu ya subira peke yake. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na jioni ile akamshonea mteja shati lenye mkono mmoja uliofungwa mwishoni kama mfuko. Hajawahi kukosea hivyo. Furaha ilikuwa imemwinua nusu mita juu ya ardhi.

Papa Soliste alisubiri aondoke, akaufunga mlango wangu.

"Unajua ile ni kiti tu," alininong'oneza.

"Najua, Papa. Nilikuwepo."

"Kijana wa studio anajua. We unajua. Mi najua. Akijua Fundi, atakufa kwa haya. Tangu kuzaliwa hakuna mutu alimuona. Leo bamemuona, na ni kiti!" Alishika kichwa. "Uniapie."

Nikaapa.

"Na kitu ingine. Bameandika jazz. Kwetu kila bendi ilikuwa Jazz. Bendi ya kiwanda, Jazz. Bendi ya polisi, Jazz. Hata batu batatu na ngoma ya kupasuka, Jazz. Ilikuwa jina tu! Bakituita batuambie, pigeni sasa jazz yenyewe, tutafanya je?"

Ndivyo furaha ilivyomfikia yule mzee: kama barua ya kuitwa mahakamani.

Fundi alibadilika. Si majivuno, la. Alinyoosha mgongo. Alianza kusalimia watu kabla hawajamsalimia. Mke wake, ambaye kwa miaka alipita sokoni akiangalia vidole vyake vya miguu, alianza kusimama na wenzake na kucheka. Watoto walimwita Musie Jazz, yaani Bwana Jazz. Wengine, kwa kutania kwanza, kisha kwa kuzoea, wakaanza kumwita yeye Soliste. Siku ya kwanza nilipolisikia jina hilo likimwendea mtu mwingine, nilimtazama mwenyewe. Alikuwa amekalia dumu lake anamenya muhogo. Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea.

"Papa, jina lako linaondoka."

"Liache litembee," alisema. "Linachoka kukaa na mi."

Lakini usiku kupitia ukuta nilimsikia akipiga solo zake za zamani taratibu mno, kidole tu bila nguvu, kama anayehesabu watoto waliolala.

Halafu mtangazaji mmoja wa redio akataka kutuua. Alitangaza kwamba Jumapili alasiri atazungumza habari za ile CD, na kwa kuwa alisifika kwa ulimi mkali, Papa Soliste alijua kinachokuja. Asubuhi yote alikuwa msalani. Alasiri ilipofika nilisimama na redio yangu nyuma ya kibanda cha mandazi, sauti chini. Mtangazaji akaweka wimbo kidogo akaukata. Akasema wenzake wa magazeti wanaona falsafa mahali ambapo yeye anasikia mikrofoni iliyowekwa vibaya. Akaahidi kuweka wimbo mwingine athibitishe.

Nilikimbia, na mimi mbio zangu zinajulikana, hata kabaza, mbeba abiria kwa baiskeli, alinipisha. Nikamkuta Papa Soliste ameshafika kwa Fundi. Redio ya jirani wa Fundi, muuza betri, ilikuwa wazi, na yule mtangazaji ndiyo kwanza anasafisha koo. Papa Soliste alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, suruali pekee aliyokuwa nayo isiyo na kiraka. Mbele ya macho yangu aliingiza vidole mfukoni, akashika kitambaa, akavuta. Krrra! Mpaka gotini.

"Fundi! Ona! Imepasuka. Nishonee sasa hivi, niko na mukutano."

"Jumapili, Papa?"

"Mukutano ya Jumapili! Haraka, ndugu yangu!"

Nikampa kitenge cha mke wa Fundi ajifunge, suruali ikawekwa mezani, na cherehani ile kuukuu, yenye kelele kama lori la mawe, ikaanza. Papa Soliste akaongeza mdomo juu yake. Aliongea habari za bei ya sukari, za goti lake, za mvua ya mwaka juzi. Mimi nikasimama kati ya Fundi na redio nikiimba pambio. Muuza betri alitutazama kama watu waliokunywa kitu.

Fundi alishona pole pole. Alikipitisha kitambaa kati ya vidole, akakiangalia.

"Papa," alisema, "hii suruali imepasuka na hasira."

"Ni ya zamani," akasema Papa Soliste.

Programu ikaisha. Kama Fundi alisikia kitu, uso wake haukusema.

Baadaye wakaitwa kupiga Lilongwe, bustani ya hoteli ndogo, watu wa viti vya plastiki na vinywaji vya baridi. Ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote, nami si mwoga. Kwa maana hapo palikuwa na spika za kutosha, kila gitaa na yake, hakuna cha kusingizia. Papa Soliste akipiga solo kama anavyoijua, watu watasikia mara moja nani ni nani, na gazeti litakuwa limedanganywa na Fundi atakuwa amevuliwa shati hadharani. Asipopiga, basi yeye ndiye amekwisha. Nilimuuliza njiani atafanya nini. Alisema, "Usiniulize, nitatapika."

Alipunguza sauti ya gitaa lake kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwona. Akakaa hatua mbili nyuma ya Fundi na akapiga kama jirani nyuma ya ukuta, vilevile gazeti lilivyosema. Mkongo mmoja mwenye koti la ngozi, huenda aliwahi kumsikia kwao, alisimama akapaza sauti: "Solo! Solo iko wapi? Mzee, kuja mbele!" Fundi aligeuka akamwashiria kwa kidevu: njoo. Papa Soliste akatikisa kichwa. Fundi akaashiria tena. Mzee akainamia nyuzi zake akashuka chini zaidi, hadi mimi niliyekuwa kiti cha mbele nikawa nasikia kijiko kwenye glasi kuliko yeye.

Makofi yalikuwa mengi. Yule Mkongo hakupiga. Watu walimfuata Fundi kumshika mkono na kumshukuru kwa Kichewa, "zikomo, zikomo kwambiri," na Papa Soliste akabaki anakunja waya za spika ambazo si zake.

Mimi nikahamia Lilongwe, nikauza viatu vya mitumba, maisha yakatutenganisha kama yanavyofanya. Ilipita miaka. Siku moja, soko la Tsoka, mchana wa jua kali, namwona mzee mmoja mweupe nywele zote anachagua waya za breki za baiskeli, zile ambazo kambini tulizifanya nyuzi za gitaa, anazivuta moja moja karibu na sikio. Nani mwingine duniani ananunua breki kwa kuisikiliza? Nikamkumbatia hadi muuzaji akaogopa.

Tuliongea habari za watu. Kisha akanishika kiwiko, akaniingiza kivulini.

"Nilimuambia."

"Nani, Papa?"

"Fundi. Habari ya kiti. Nilishikwa na malaria, nikaona hii mara njo nakufa. Nikasema, siwezi kufika mbinguni na kiti kwa mugongo. Nikamuita. Nikamuambia yote: tulipanga, uongo, mutindo, uongo, ulikuwa karibu na mikro, basi."

"Akasema je?"

"Alicheka." Papa Soliste mwenyewe hakucheka. "Alicheka mpaka akashika mulango. Akasema: 'Papa, kiti gani? Siku ile vidole vyako vilikuwa vinatetemeka, noti moja unaikosa, moja unaipata. Nikasema, mzee anaanguka. Njo nikapiga na nguvu zote, nikufunike. Uliposema kwa batu ni mutindo, nilishukuru Mungu: mzee hajajisikia.'"

Nikakalia gunia la mtu bila kuomba.

"Nilikuwa natetemeka?" aliniuliza. "We ulikuwa kwa mulango. Nilitetemeka?"

"Papa, mimi nilisikia utamu tu."

"Bon." Hakuniamini. "Ameficha miaka yote ile. Anasema gazeti ilimupa furaha, halafu furaha ikamupa haya, sababu ilitoka kwa woga yangu. Mi namulinda, ye ananilinda, na katikati batu banapiga makofi."

"Na sasa mnapiga bado?"

"Jumamosi. Arusi, Mponela. Nimemuambia Fundi nitakaa mbele." Aliuinua ule waya kwenye jua, na niliuona ukicheza hewani, kidogo, kama unyasi wenye mdudu. Akauficha haraka mfukoni. "Utakuja?"

"Nitakuja na watu elfu mbili!"

"Apana! We peke yako. Na usiniangalie mi, angalia Fundi. Ukisikia anaongeza nguvu, mukonyeze aache. Hii mara nikianguka, nianguke mi mwenyewe."

Akaniaga, akarudi akaniaga tena, kisha akavuka barabara akitazama kushoto na kulia mara nyingi kuliko magari yaliyokuwepo.